Kamera ya Kulinda Boma: Upana Peke Yake Hautoshi



Siku hizi ukiingia katika duka la vifaa vya umeme mjini utaziona kamera za kulinda nyumba zimepangwa pamoja na redio na taa za sola. Juu ya kasha la kila moja pameandikwa nambari kubwa: nyuzi 110, nyuzi 130, hata nyuzi 160. Mwenye duka atakueleza kwamba nambari hiyo ni upana wa jicho la kamera, na kwamba kadiri inavyozidi kuwa kubwa ndivyo kamera inavyozidi kuwa bora, kwa sababu kamera moja tu itaona lango, zizi, ghala na mlango wa nyumba, nawe utaokoa bei ya kamera ya pili. Maneno hayo ni matamu. Lakini kwa shamba la skimu yanawapotosha watu wengi, na pesa za maziwa za miezi kadhaa zinakwenda kwa kitu ambacho usiku wa shida hakitamtambulisha mtu yeyote.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba kamera ni mchezo wa matajiri. Mkulima mwenye ng'ombe wawili wa maziwa ameweka karo ya watoto wake ndani ya zizi, na haki yake kulilinda ni sawa na haki ya mwenye benki. Ninalosema ni kwamba watu wananunua upana bila kujua upana unagharimu nini.

Tazama jambo lenyewe lilivyo. Picha ya kamera si kama picha tunayoiona kwa macho. Ni nukta nyingi ndogo zilizopangwa kwa safu, kila nukta na rangi yake, kama kikapu kilichosukwa kwa vipande vidogo. Kamera ya kawaida, ile ambayo dukani huitwa ya megapikseli 2, ina nukta 1,920 kutoka upande wa kushoto mpaka upande wa kulia. Nukta hizo haziongezeki kwa kuwa jicho ni pana. Ni kama sufuria moja ya uji: ukiwapa watoto wanne watashiba, ukiwapa arobaini kila mmoja ataramba kijiko.

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu haidanganyi kama kasha. Kamera ya nyuzi 90 huona upana ulio mara mbili ya umbali. Kitu kilicho mbali mita 10 kipo katika eneo lenye upana wa mita 20, na nukta 1,920 zikigawanywa kwa mita 20 kila mita hupata nukta 96. Chukua sasa kamera ya nyuzi 120, ambayo watu huipenda zaidi. Umbali ukiwa mita 20, yaani kama kutoka barazani mpaka langoni kwa maboma mengi, kamera hiyo huona upana wa karibu mita 69, na kila mita hupata nukta 28 tu. Uso wa mtu una upana wa kama sentimita 16. Basi uso mzima wa mwizi, macho, pua na mdomo, utachorwa kwa nukta nne au tano kutoka shavu hadi shavu. Hata mama yake mzazi hatamjua.

Wataalamu wa kazi hii wana kipimo chao. Katika kanuni ya kimataifa inayoitwa IEC 62676-4, toleo la mwaka 2014, nukta 25 kwa kila mita zahesabiwa kuwa zatosha kukuonyesha kwamba kuna mtu. Ukitaka kumtambua mtu unayemjua, zahitajika nukta 125. Ukitaka kuthibitisha kwamba ni yeye hasa, hata na mtu ambaye hajapata kumwona, zahitajika 250. Andika nambari hizo tatu nyuma ya daftari lako la maziwa: 25, 125, 250. Zina faida kuliko yote yaliyoandikwa juu ya kasha.

Kwa nambari hizo utaona kwamba ile kamera ya nyuzi 120 langoni, mita 20 kutoka barazani, hukuambia jambo moja tu: kuna mtu. Mbwa wako angekuambia hayo bila kuomba umeme. Na ile ya nyuzi 90 humthibitisha mtu akiwa karibu nayo kiasi cha mita 4 tu. Lakini kamera ya nyuzi 50, ambayo muuzaji huiita nyembamba na huiuza kama mtu anayeuza viazi vilivyobaki, hukupa nukta zaidi ya 250 kwa mita 7, na kwa mita 10 hukupa zaidi ya 200. Kwa mita 16 hivi bado waweza kumtambua jirani yako. Jicho jembamba limeacha kutazama vichaka vya kando ili litazame vizuri njia yenyewe.

Wengine watasema, “Basi nitanunua ya megapikseli 8, nayo iwe pana.” Ni kweli kwamba inasaidia, lakini si kiasi ambacho nambari inakufanya udhani. Megapikseli 8 ni mara nne ya 2 kwa hesabu ya nukta zote za picha. Lakini kutoka kushoto mpaka kulia ni mara mbili tu, yaani nukta 3,840. Ule uso wa nukta nne au tano utakuwa wa nukta tisa. Umelipa zaidi na bado humjui mtu.

Na hapa ndipo penye jambo linalonifanya niandike. Picha mbaya si sawa na kukosa picha. Mara nyingine ni mbaya zaidi. Mzee mmoja alikuja ofisini kwetu kwa shughuli ya mbegu, na alipomaliza akatoa simu akasema, “Karani, wewe umesoma, hebu nitazamie hii.” Ilikuwa picha ya usiku kutoka kamera yake ya pembe pana. Mtamba wake alikuwa anatolewa kupitia pengo la ua na watu wawili. Watu wenyewe walikuwa kama vijiti viwili vya kijivu. Nikamwambia, “Mzee, mimi naona watu wawili na ng'ombe, basi.” Akanijibu, “Huyu wa nyuma ni kijana wa jirani yangu. Angalia mwendo wake.” Nilitazama mara tatu. Mwendo wenyewe ulikuwa wa hatua mbili na nusu, kisha akaingia gizani. Mzee alikuwa amekwisha kutuma picha hiyo katika kundi la simu la kijiji, na chini yake watu wengine walikuwa wameanza kuandika jina la kijana.

Ninyi mnajua vizuri kuliko mimi jinsi jambo kama hilo linavyoweza kwisha. Katika nchi yetu watu wamepata kuchomwa moto kwa neno “mwizi” lililopigwa na mtu mmoja tu. Kamera ikikupa kivuli, moyo wenye uchungu hukijaza kivuli hicho uso wa mtu ambaye tayari mligombana naye juu ya mpaka. Yule mzee nilimwomba apeleke picha kwa polisi na si kwa kundi, naye akaenda. Lakini maneno yaliyoandikwa hayafutiki kwa urahisi, na familia hizo mbili zinateka maji katika bomba moja.

Kwa hiyo nasema kamera inayoona kila mahali na haimtambui mtu ina hatari kwa jirani asiye na kosa, na haimtishi mwizi hata kidogo.

Labda itawafaa kujua kwamba wale walioanza jambo hili hawakuwa na nia ya kutazama shamba zima. Mwaka 1966 mwanamke Mmarekani aliyeitwa Marie Van Brittan Brown, muuguzi wa mtaa wa Queens katika jiji la New York, aliomba hataza ya mtambo wa kulinda nyumba yeye pamoja na mumewe Albert, na mwaka 1969 akaipata. Kazi yake ilikuwa na saa za usiku, na polisi walichelewa kufika walipoitwa mtaani kwao. Mtambo wake ulikuwa na kamera nyuma ya mlango, na mlangoni matundu manne yaliyopangwa moja juu ya jingine, ili kamera ipande au ishuke na kumtazama mgeni usoni, awe mrefu au mfupi. Mwenye nyumba alimwona katika runinga akiwa chumbani. Mama huyu alitaka kujua jambo moja: nani amesimama mlangoni? Tangu siku hizo kamera zimekuwa ndogo na rahisi, lakini swali lake bado ndilo swali la kuanzia.

Basi kabla ya kwenda dukani, chukua asubuhi moja utembee ndani ya boma lako kana kwamba wewe ndiwe mwizi. Ng'ombe haruki ua. Gunia la mahindi halipiti chini ya seng'enge. Mwizi wa mali nzito sharti apite mahali ambapo mali hiyo yaweza kupita, na kwa shamba lenye ua mzuri mahali hapo ni pawili au patatu tu: lango, mlango wa zizi, mlango wa ghala. Kama ua wako una mapengo saba, usinunue kamera bado. Nunua seng'enge na misumari, ufunge mapengo mpaka yabaki mawili. Kamera hupenda njia nyembamba. Mfanye mwizi apite mbele yake kwa mita 5, na hata kamera ya bei nafuu itamchukua uso.

Kupima upana wa jicho si kazi ngumu. Chukua karatasi ya daftari yenye kona nzuri ya mraba. Kona hiyo ni nyuzi 90. Simama pale unapotaka kuweka kamera, shika karatasi imelala mbele ya jicho lako huku kona ikiwa karibu na pua, kisha tazama kufuata ukingo wa kushoto, halafu wa kulia. Yote yaliyo kati ya kingo hizo mbili ndiyo ambayo kamera ya nyuzi 90 itayaona. Kunja karatasi ili kingo zikutane, nawe una nyuzi 45. Watoto wa shule watakufanyia kazi hiyo kwa furaha. Halafu pima kwa hatua umbali mpaka mahali mtu atakapopita. Ukijua umbali na upana, umejua jicho gani unalihitaji, na muuzaji hana la kukudanganya. Kama kwenye kasha hakuna nyuzi bali kuna milimita za lenzi, kumbuka kwamba nambari ndogo ndiyo pana: 2.8 kwa kamera nyingi za nyumbani ni kama nyuzi 100 au zaidi, 4 ni kama 80, na 6 ni kama 50.

Isije ikafikiriwa kwamba nachukia jicho pana. Lina mahali pake, na mahali penyewe ni karibu. Baraza ya nyumba ambapo mtu hasimami mbali zaidi ya mita 3 au 4. Ndani ya zizi, ambapo wataka kuona ng'ombe wote na yule anayekaribia kuzaa. Uwanja mdogo kati ya jiko na nyumba. Hapo jicho jembamba litakuonyesha mkono wa mtu na kumwacha mtu mwenyewe nje ya picha. Kama pesa zako ni za kamera mbili, ushauri wangu ni moja ya pembe pana barazani na moja nyembamba inayotazama lango. Kama ni za kamera moja tu, wengi watashangaa, lakini mimi ningeiweka nyembamba penye njia ya kutokea mali, na nyumba ningeiachia kufuli na mbwa.

Juu ya mahali pa kuifunga, watu wengi huipandisha juu mno, chini ya kigongo cha paa, ili isiibwe. Huko juu kamera huona kofia. Mtu mwenye kofia na kabuti akipita chini yake hana uso kabisa. Futi 8 mpaka 10 zatosha. Mkono haufiki kwa urahisi, na uso bado unaonekana. Tena tukumbuke kwamba nchi yetu imekatwa na ikweta. Jua letu huchomoza mashariki na kutua magharibi mwaka mzima bila kuhama sana, na kamera inayotazama huko itapofushwa kila asubuhi au kila jioni, saa zile zile ambazo maziwa yanatoka na watu wanapita. Kama waweza, itazame kaskazini au kusini.

Sasa usiku, maana wizi mwingi ni wa usiku. Kamera hizi hutoa mwanga ambao macho yetu hayauoni, uitwao infraredi, na kwa mwanga huo huchukua picha isiyo na rangi. Ng'ombe mwekundu na ng'ombe wa kahawia ni mamoja, na koti la buluu halina tofauti na la kijani. Usimwambie polisi rangi ya koti uliyoiona katika picha ya namna hiyo. Tena mwanga huo hupungua upesi: umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaomfikia mtu hubaki robo. Na kadiri jicho lilivyo pana ndivyo mwanga unavyotawanywa, kama maji ya mfereji mmoja yaliyofunguliwa katika shamba zima. Wakulima wa Kinangop na Ol Kalou wana shida nyingine, nayo ni ukungu. Ukungu huurudisha mwanga ule kwenye jicho lenyewe, na picha huwa nyeupe tupu. Buibui nao hupenda kutandaza utando mbele ya kamera, na utando mmoja ukitikiswa na upepo waweza kukuamsha mara ishirini. Kila Jumamosi mtu apite na kitambaa. Taa ya kawaida yenye mwanga mzuri, iwe ya umeme au ya sola, ikiwekwa kando ya njia na si nyuma ya kamera, itakupa picha yenye rangi na tena itamwonyesha mwizi kwamba hapa watu hawajalala. Kwa bei yake sijui kitu kinachoishinda.

Juu ya mvua tafuta alama ya IP66 kwenye kasha. Sita ya kwanza ni kwamba vumbi haliingii, ya pili ni kwamba maji ya nguvu kutoka pande zote hayaidhuru. Kamera ya ndani ya nyumba iliyofungwa chini ya paa si kamera ya nje, hata muuzaji akiapa.

Umeme na mtandao nitavipitia kwa haraka, maana kila boma lina hali yake. Kamera ya wati 5 hutumia wati-saa 120 kwa siku na usiku wake. Mwenye sola apige hesabu hiyo kwa betri yake na kwa siku tatu za mawingu, si kwa siku moja ya jua. Waya wa mtandao unaobeba na umeme wake hufika mita 100, na ukiweza kuufukia ardhini ni wa kutegemewa kuliko Wi-Fi, ambayo hudhoofishwa na mabati na kuta za mawe. Kamera ya laini ya simu hufaa penye mtandao mzuri, lakini usiiache ikutumie picha mfululizo. Kamera inayotumia megabiti 2 kwa sekunde itakula karibu gigabaiti 22 kwa siku, na bando la mwezi litakwisha kabla ya kuku kulala. Iwekee memori kadi ndani yake. Kadi ya gigabaiti 128 huhifadhi kama siku tano hivi mfululizo, na zaidi sana kama inaandika tu panapotikisika kitu.

Na hizo kamera za betri ambazo huamka zikihisi joto la mwili, zina tabia moja ambayo wauzaji hawaisemi. Humhisi vizuri mtu anayekatiza mbele yao, kutoka kushoto kwenda kulia, kuliko yule anayezijia moja kwa moja. Kwa hiyo usiielekeze sambamba na njia ya lango. Iweke kando kidogo ili mtu aikatize. Na ng'ombe akilala usiku mbele yake, basi ni yeye utakayemwona katika simu mpaka asubuhi.

Kuna jambo ambalo hakuna kamera inayoweza kulifanya, nalo ni kutoka nje. Kamera ni shahidi, si askari. Simu yako italia saa nane usiku: ni nani atakayeamka? Kama wewe unafanya kazi Nakuru na boma lina mama mzee peke yake, kengele hiyo italia kwako maili nyingi kutoka kwa wezi. Zungumzeni mapema, wewe na majirani wawili au watatu, labda katika Nyumba Kumi yenu, nani atapigiwa simu kwanza na nani ana nambari ya kituo cha polisi. Na kesho yake, kama mali imekwenda, itoe kadi kwenye kamera kabla picha mpya hazijafuta zile za usiku, uipeleke pamoja na maelezo yako. Wengi huchukua simu ya pili wakaipiga picha ile ya kwanza, kisha wakafuta. Hilo ni kosa. Sheria ya Ushahidi katika kifungu 106B hutaka kumbukumbu ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoeleza jinsi ilivyotolewa na kwa chombo gani, na ni vigumu kuandika cheti cha kitu ambacho kimenakiliwa mara tatu na asili yake imepotea. Tazama pia kama saa ya kamera ni sawa. Nimeona kamera ambayo kwa tarehe zake bado tuko mwaka 2000.

Nimekwisha kusema juu ya jirani aliyeshukiwa bure. Kuna na jirani anayetazamwa bure. Tangu skimu za ekari milioni moja zilipoanza mwaka 1962, mashamba mengi yamegawanywa kwa wana na wajukuu, na nyumba zilizokuwa mbali sasa zasikilizana kikohozi. Kamera ya nyuzi 130 iliyofungwa katika pembe ya nyumba haijui mpaka. Itachukua bafu la jirani, kamba yake ya nguo, binti zake wakienda chooni usiku. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu 31, humpa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imekazia jambo hilo. Ni kweli kwamba sheria hiyo humwachia mtu anayeshughulikia mambo ya nyumbani kwake tu. Lakini kwa maoni yangu aliyeelekeza jicho lake katika uwanja wa mwenzake ametoka nyumbani kwake, na asijifiche nyuma ya neno hilo. Kamera nyingi zina namna ya kufunika sehemu ya picha kwa rangi nyeusi. Mwambie fundi aifanye, kisha mwite jirani aje aone katika simu yako kwamba kwake hakuonekani. Afanyaye hivyo atapata na jicho la jirani, ambalo huona mbali kuliko kamera na halihitaji bando.

Vibarua nao waambiwe. Mtu anayekukamulia ng'ombe saa kumi alfajiri ana haki ya kujua kwamba anatazamwa, na kamera isiwekwe mahali anapobadilisha nguo wala anapolala. Mkulima aliyeficha kamera ili amshike mkamuaji wake kwa kikombe kimoja cha maziwa atapoteza mkamuaji mzuri.

Neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ile ile kamera inapofungwa. Mwaka 2016 wahalifu wa mitandao waliteka kamera na vyombo vingine vingi duniani kwa sababu tu wenyewe waliacha neno la siri kama lilivyotoka kiwandani, na kwa vyombo hivyo wakaangusha mitandao mikubwa huko Marekani. Wale wenye kamera hawakujua lolote. Usitumie jina la mtoto wako wa kwanza. Kijiji kizima kinalijua.

Mwisho, fundi. Atataka alipwe mchana, akishakuonyesha picha nzuri yenye jua. Mpe nusu, mwambie nusu nyingine ni ya kesho. Usiku, giza likiingia kabisa, mtume kijana wako apite langoni akiwa na kofia, aende mpaka zizini, arudi kwa mwendo wa kawaida. Afuate mwingine wa kimo chake, naye ana kofia. Wewe uwe ndani, mwache mama watoto azitazame picha hizo bila kuambiwa nani alitangulia. Akimtaja kila mmoja kwa jina lake, mlipe fundi. Akisema “mmoja ni mrefu kidogo,” mwite fundi ashushe kamera au abadilishe jicho, na nusu ya pesa bado iko mfukoni mwako.